Kanisa jipya limeisha lakini halina ile kitu, na sasa kamati inataka kuweka silingi (dari) ya chini

Mwanakwaya_Mamboleo

Habari wadau. Niko kwa kamati ya ujenzi ya kanisa letu hapa Kisumu upande wa Mamboleo, jina sitataja juu wazee wengine wanasoma huku pia. Kanisa la zamani lilikuwa la matofali ya kuchoma, ukuta mnene, madirisha madogo yamewekwa juu, paa limepanda mpaka shingo inauma ukiliangalia. Likatushinda kwa udogo, tukachanga miaka na miaka, tukajenga lingine pembeni. Hili jipya ni kubwa kweli, madirisha ya alumini kila upande, taili zinang'aa, kuta nyeupe, taa za LED. Kila mgeni akija anasema mmejikaza sana.

Lakini kuna shida na hata sijui niieleze namna gani. Kwa lile la zamani mtu akivuka mlango tu alikuwa ananyamaza mwenyewe, hata watoto, hakuna wa kuwaambia shhh. Kwa hili jipya watu wanaingia wakiongea, simu nje, stori zinaendelea mpaka pasta ashike maiki. Mama mmoja wa kikundi cha akina mama aliniambia akiinama kuomba huko ndani anajihisi ni kama yuko kwa benki anangoja namba yake iitwe. Nilicheka lakini enyewe hajakosea.

Halafu kuna joto. Mabati hayana kitu chini yake, ikifika ibada ya pili watu wanajipepea na karatasi za matangazo. Kwa hivyo kamati inataka silingi ya gipsamu, flati, ukuta hadi ukuta, kimo kama futi kumi hivi, na zile taa za kuzunguka pembeni. Mimi moyo unakataa lakini sina hoja. Nikisema itaharibu hisia, mweka hazina ananiuliza hisia ni shilingi ngapi kwa mita.

Sasa nauliza watu wanaojua: jengo linaweza kweli kubadilisha vile mtu anahisi ama ni vile tulizoea lile la zamani? Na kama linaweza, ni wapi hasa, ni paa, ni mwanga, ni nini? Mkutano ni Jumamosi.

---

Buda_wa_Section58

Ni mazoea tu ndugu. Nyinyi mlibatizwa huko, mkaoa huko, mkazika watu huko, lazima mnyamaze mkiingia. Ngoja hawa watoto wakue kwa hili jipya utaona na wao watalia likibomolewa.

---

Mchoraplani_Kak

Mazoea yako, sikatai, lakini si yote. Mimi huchora plani hapa Kakamega na hii kitu huwa inanikera venye watu wanafikiria jengo ni kuta na mabati tu, hisia ni ya pasta na kwaya.

Mwanakwaya, kwanza hiyo ya kimo. Mwaka 2007 kuna watafiti wawili, Joan Meyers-Levy na Rui Zhu, waliweka watu kwa vyumba vya silingi ya futi 8 na vingine futi 10 wakawapa kazi za kufikiria. Wale wa futi 10 mawazo yao yalienda kwa vitu vipana, uhuru, kuunganisha mambo, wale wa futi 8 wakashika vitu vidogo vidogo kimoja kimoja. Tofauti ni futi mbili tu! Ila kuna kitu watu huruka wakisimulia hii: ilifanya kazi pale ambapo watu waliiona hiyo silingi, yaani kitu kiliwafanya waangalie juu. Kimo ambacho hakuna mtu anakigundua hakifanyi lolote. Kwa hivyo hata mkiacha paa wazi kama lilivyo, kama ni mabati na mbao zimejaa kutu na buibui hakuna mtu anainua macho.

Lakini mimi kama ningekuwa kwa hiyo kamati singeanza na silingi kabisa. Ningeanza na mlango. Niambie, kwa lile la zamani ulikuwa unaingia namna gani? Kulikuwa na kibaraza? Na sasa?

---

Mwanakwaya_Mamboleo

La zamani lilikuwa na kibaraza cha chini hivi, giza kidogo, pale ndio tulikuwa tunakunja mwavuli na kufuta matope. Halafu mlango mmoja wa mbao, mzito. Jipya lina milango mitatu mipana ya vioo, unatoka parking unaingia moja kwa moja, ukiwa nje unaona madhabahu.

---

Mchoraplani_Kak

Hapo! Umejijibu mwenyewe.

Kuna kanisa karibu na Chicago, mahali panaitwa Oak Park, linaitwa Unity Temple, lilichorwa na Frank Lloyd Wright na likaisha 1908. Ukitoka barabarani huoni ndani. Unaingia pembeni, unapitia njia ya chini, nyembamba, giza giza, unazunguka kona, halafu unapanda ngazi na ghafla uko kwa chumba kikubwa chenye mwanga unatoka juu. Chumba chenyewe si kikubwa vile, ni ule mbano wa kwanza unafanya kionekane kikubwa. Wright alirudia hiyo kitu kwa majengo yake mengi, anakubana kwanza ndio akuachilie.

Na haihitaji pesa za Wazungu. Kanisa la Bethlehemu, lile la Kuzaliwa kwa Yesu, mlango wake wa mbele una kimo cha kama mita 1.2. Zamani ulikuwa mkubwa, ukazibwa, wanasema ilikuwa kuzuia watu wasiingie na farasi na mikokoteni. Leo awe askofu awe rais, anainama ndio aingie. Hakuna tangazo limebandikwa ati tafadhali jinyenyekeze.

Kitu kingine ni macho. Ukitoka kwa jua la Kisumu saa nne asubuhi ukaingia mahali pa giza kiasi, macho yanachukua dakika kadhaa kuzoea, kwa hivyo bila kupenda unapunguza mwendo, unashika kiti, unatulia. Kwa lenu jipya vioo vitatu na madirisha kila upande, ndani na nje mwanga ni mmoja, mwili haujaambiwa kwamba umefika mahali pengine.

---

Mwanamanyatta

Assalam aleikum na pia Bwana asifiwe 😄 Mimi si wa kanisa lakini nimesoma hii nikaona niongeze. Kwa msikiti hii maneno ya mlango tunaijua kwa miguu. Unatoka kwa kelele za mji, boda, mahindi choma, konda anaita watu, unafika unavua viatu, unatawadha, maji baridi kwa mikono na uso na miguu, ndio unakanyaga zulia. Kabla hujasali rakaa hata moja tayari umepungua spidi. Hata wale wageni wa shule wakiletwa kuangalia, wakishavua viatu tu sauti zinashuka wenyewe, na hao hawana mazoea yoyote na msikiti, kwa hivyo Buda wa Section 58 hapo sikubaliani na wewe.

Zulia pia linasaidia na sauti lakini hiyo wacha wenye ujuzi waseme.

---

Buda_wa_Section58

Sawa Mwanamanyatta, hiyo ya wageni ni pointi nzuri nimekubali nusu. Lakini wacha niwape tahadhari kuhusu hizi tafiti. Mwaka 1979 jamaa fulani Marekani, Alexander Schauss, alisema kuna rangi fulani ya pinki inatuliza wafungwa, wakapaka seli za korokoro ya wanamaji Seattle, habari ikaenea, jela nyingi zikanunua rangi. Baadaye watafiti wengine wakapima vizuri zaidi na hawakuona kitu. Pinki ni pinki tu. Na bado kuna watu wanauza hiyo hadithi mpaka leo. Kwa hivyo mtu akikwambia paka ukuta rangi hii waumini watatulia, muulize nani alipima na nani alirudia.

---

Mchoraplani_Kak

Hiyo nakubali mia kwa mia, na hata hiyo ya futi 8 na 10 singejenga nayo kanisa peke yake.

---

Nesi_Lanet

Mimi ni muuguzi huku Nakuru nimekuja tu kupita lakini hii mada imenishika. Kuna ile ya Roger Ulrich ya 1984, ilitolewa kwa jarida la Science, tulifundishwa chuoni. Alichukua faili za wagonjwa wa hospitali moja Pennsylvania waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo kati ya 1972 na 1981. Wote hospitali moja, operesheni moja, tofauti ni dirisha. Wengine kitanda chao kiliangalia miti, wengine kiliangalia ukuta wa matofali. Akawapanga jozi 23 wanaofanana umri, jinsia, uvutaji sigara na kadhalika. Wa miti walienda nyumbani mapema kidogo, wastani karibu siku 8 kwa wenzao karibu 9, na walitumia dawa kali za maumivu chache kuliko wenzao. Na kitu kilichonigusa mimi ni kwamba aliangalia pia yale manesi waliandika kwa faili, wale wa ukuta waliandikiwa mara nyingi zaidi vitu kama analia, anahitaji kutiwa moyo. Hao manesi hawakujua kuna utafiti wowote utakuja.

Ni watu 46 tu, wachache, usiende kutangaza kwa madhabahu. Lakini mtu yeyote amefanya zamu ya usiku kwa wodi isiyo na dirisha atakwambia. Mimi nimewahi fanya kazi mahali (sitaji) penye wodi ya wanaume ilikuwa inaangalia bustani na ya akina mama ilikuwa inaangalia jenereta na tanki, na huko kwa akina mama ugomvi haukuwa unaisha, manesi kwa wagonjwa, wagonjwa kwa jamaa zao. Hakuna mtu alisema ni jenereta. Tulisema ni wagonjwa wasumbufu.

Swali langu kwa Mwanakwaya, hayo madirisha yenu yanaangalia nini?

---

Mwanakwaya_Mamboleo

Barabara 😅 Upande mmoja barabara na stage ya boda, upande mwingine ukuta wa jirani umejaa mabango. Madirisha marefu yako mashariki na magharibi.

---

Mtu_wa_Saundi

Sasa hapa ndio nimesubiri. Mashariki na magharibi pembeni hapa karibu kabisa na ikweta maana yake asubuhi yote jua linaingia kutoka upande mmoja na jioni upande mwingine, joto lenu nusu linatoka kwa vioo, si kwa mabati peke yake. Lakini mimi kazi yangu ni spika na maiki wacha niongee ya masikio.

Kwa nini watu wanapiga stori kwa jipya na hawakupiga kwa la zamani? Ukuta mnene na madirisha madogo ulizuia kelele za nje, kwa hivyo ndani kulikuwa kimya tayari, na mtu akisema neno moja analisikia lake mwenyewe linamrudia, anaona aibu, anashusha. Kwa jipya boda zinaingia kwa madirisha, kelele iko chini muda wote, na binadamu akisikia kelele anapandisha sauti bila kujua, daktari Mfaransa Étienne Lombard aliieleza hiyo tangu 1911. Sasa watu mia tatu kila mmoja anapandisha kidogo kumshinda jirani, na taili, vioo, ukuta mtupu na mabati hazimezi sauti hata kidogo, zinarudisha yote. Ni mbio.

Halafu mweka hazina afurahi, silingi ya chini itafupisha mwangwi kiasi kwa sababu nafasi itapungua. Hesabu ni ya zamani, ya Wallace Sabine pale Harvard, 1895 alipewa darasa ambalo hakuna mtu alikuwa anasikia mwalimu, neno likitoka linabaki hewani zaidi ya sekunde tano. Jamaa akaanza kubeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, anapiga filimbi ya kinanda, anapima na saa, asubuhi anarudisha mito yote. Akapata kwamba muda wa mwangwi unaenda na ukubwa wa chumba ukigawa na vitu vinavyomeza sauti. Lakini gipsamu flati juu na taili flati chini, sauti itadunda katikati yao papapapa, ukipiga makofi utaisikia. Kwaya itasikika kavu na pasta atasikika kama yuko kwa simu.

Kwa hivyo mnataka nini kwanza? Makanisa makubwa ya mawe huko Ulaya mwangwi ni mrefu, mtu anaimba pole pole noti moja inabebwa na jengo lote unasikia nywele zimesimama. Lakini weka ngoma na kibodi na gitaa la besi hapo ni uji. Na mahubiri yanataka mwangwi mfupi, sekunde moja hivi au zaidi kidogo. Hamwezi kupata zote mbili. Kanisa lenu linaimba namna gani?

---

Mwanakwaya_Mamboleo

Ibada ya kwanza nyimbo za kitabu bila vyombo, ya pili ngoma na kila kitu.

---

Mtu_wa_Saundi

Basi chukueni katikati, ukuta wa nyuma wekeni kitu cha kumeza sauti, mapazia mazito au mbao zenye matundu, mbele acheni wazi. Na watu wenyewe wanameza sauti, kanisa likijaa utaona tofauti kubwa.

---

Jaduong_Migori

Nimewasoma wote vijana wangu, mnaongea vizuri. Lakini mbona mnaenda mpaka Chicago na Bethlehemu na hapa nyumbani mambo haya yalikuwepo? Nendeni Thimlich Ohinga huku kwetu Migori. Kuta za mawe makavu, hakuna udongo wala simiti kati yake, mahali pengine zinapita mita nne kwenda juu. UNESCO waliiweka kwa orodha yao 2018. Milango ya zile kuta ni ya chini, myembamba, unainama ndio upite. Bila shaka ilikuwa kwa ajili ya maadui na wanyama, adui akiingia ameinama kichwa kiko mbele na mkuki hawezi kuutumia. Lakini mimi nimepeleka wajukuu pale, na wote waliingia wakipiga kelele wakatokea upande wa pili wakinong'ona. Hao hawana adui.

Na dala, yaani boma la Mjaluo, ni hivyo hivyo. Lango liko chini, nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, iko juu inaliangalia, simba, yaani vibanda vya wavulana, ziko huku karibu na lango. Mgeni akiingia anatembea kiwanja chote akionekana na kila mtu kabla hajafika kwa mwenye boma. Huo mwendo ni heshima tayari, amepewa nafasi ya kujipanga na mwenye boma amepata nafasi ya kumsoma. Leo watu wanajenga mansheni lango la stima linafunguka gari linasimama mlangoni kabisa, mgeni anatokea ghafla sebuleni, halafu tunashangaa kwa nini mazungumzo hayaingii.

Mwanakwaya, waambie kamati waache parking mbali kidogo. Watu watembee.

---

Mwanakwaya_Mamboleo

Asante sana jaduong', hiyo ya parking haina hata gharama, nimeiandika. Kitu kingine sijasema, jipya linabeba watu mia nane na ibada ya kwanza tunakuwa mia mbili hivi. Tunakaa tumetawanyika.

---

Mchoraplani_Kak

Ungesema hiyo mapema! Hiyo peke yake inaua ibada. Bunge la Uingereza lilipopigwa bomu 1941, wakati wa kulijenga tena Churchill alisimama 1943 akasema ukumbi usiwe mkubwa wa kutosha wabunge wote. Makusudi. Alisema ukiwa na kiti cha kila mtu basi siku nyingi utakuwa unahutubia viti vitupu na mjadala utakufa, lakini ukiwa mdogo, siku ya jambo kubwa watu watajaa mpaka wasimame na kila mtu atahisi uzito. Wakaujenga hivyo, ukafunguliwa 1950, mpaka leo wabunge hawatoshi viti. Nyinyi ibada ya kwanza kusanyeni viti mbele upande mmoja, ya nyuma mfunge na pazia, hilo pazia ndilo Mtu wa Saundi anataka kwa mwangwi.

Sasa silingi. Msiweke flati. Wekeni ikifuata mteremko wa paa, ubao ama gipsamu chini ya mbao za paa, juu yake foili ya kuakisi joto, na muache nafasi kati yake na mabati. Hewa iingie pale paa linapoishia chini, itokee juu kabisa kwenye kilele cha paa. Mabati yakichemka hewa ya moto inapanda yenyewe inatoka, haiwafikii. Kimo mnabaki nacho, joto linapungua, na sauti haidundi kati ya flati mbili. Mbao na foili zitaongezeka kidogo lakini zile taa za kuzunguka mtoe kabisa, hizo ndizo zinawapeleka benki.

Madirisha ya mashariki na magharibi, kibaraza cha kuzuia jua hakitasaidia sana kwa sababu jua la asubuhi liko chini linapita chini yake. Pandeni miti upande wa barabara, na kabla haijakua wekeni vipande vya mbao vilivyosimama wima nje ya kioo. Mtapunguza jua, mtapunguza boda, na Nesi wetu atafurahi. Halafu milango miwili kati ya mitatu ifungwe, iwe ya dharura tu, hiyo moja ijengewe kibaraza cha chini mbele yake, mabati meusi, sakafu ya simiti bila taili.

---

Buda_wa_Section58

Na dharura ikitokea hiyo milango isiwe na kufuli, tafadhali. Watu mia nane.

---

Nesi_Lanet

Na msipande mikaratusi karibu na ukuta jamani, mizizi.

---

Mwanakwaya_Mamboleo

Mungu awabariki, nimepata hoja mpaka zimebaki. Mweka hazina nitamwonyesha hiyo ya taa kwanza juu hapo kuna pesa inarudi, akishalainika ndio nitaje kibaraza. Kuna kijana wa kwaya alituma picha kwa grupu ya lile kanisa la Tadao Ando huko Japani, la 1989, lenye msalaba umekatwa kwa ukuta wa konkriti na mwanga unapita hapo. Sasa vijana wanataka tukate ukuta wetu nyuma ya madhabahu. Mchoraplani unaonaje?

---

Mchoraplani_Kak

La Ando linafanya kazi kwa sababu chumba kingine chote ni giza, hiyo nuru haina mpinzani. Lenu lina madirisha kila mahali, msalaba utaonekana kama dirisha lingine tu. Halafu pasta akisimama mbele ya mwanga mtamwona kivuli cheusi, uso hamtauona, na watu watakunja macho ibada nzima. Hata Ando mwenyewe alitaka msalaba ubaki wazi bila kioo, waumini wakakataa kwa sababu ya baridi, ikabidi kioo kiwekwe. Kisumu baridi si shida yenu, lakini mbu je?

Nitumie picha za paa kwa ndani kabla ya Jumamosi. Trasi zenu, zile fremu zinazobeba paa, ni za mbao ama chuma, na zimeachana futi ngapi?